Umehamisha folda, blogu imekata mawasiliano na hifadhidata: namna ya kuirudisha

Shangazi yangu wa Tanga ana blogu ya mapishi. Aliianza kidogo kidogo, kwa simu tu, hadi ikafika makala zaidi ya mia mbili. Blogu yenyewe ilikaa ndani ya folda iitwayo blogu, kwa hiyo anwani yake ilikuwa na mkia: jina la tovuti, mkwaju (/), kisha neno blogu. Akaniomba niukate huo mkia. Kazi ya dakika kumi, nikamwambia. Nikahamisha faili zote kutoka public_html/blogu kwenda public_html (folda kuu ya tovuti kwenye seva), nikafungua kivinjari, na badala ya picha ya pilau nikakuta ukurasa mweupe wenye mstari mmoja: "Error establishing a database connection".

Haikupita nusu saa simu ikaita.

"We mwanangu, mapishi yangu umeyapeleka wapi?"

"Yapo, shangazi. Nipe muda kidogo."

Nilisema yapo kabla sijajua kama yapo. Bahati nzuri yalikuwepo, na katika hali kama hii karibu kila mara huwa yapo. Nieleze kwanza kwa nini, maana ukilielewa hili hutababaika na kuanza kufutafuta vitu.

Mwongozo huu ni wa WordPress (programu ya kuendeshea blogu) iliyo kwenye hosti ya kawaida, yaani kampuni inayokutunzia tovuti, yenye cPanel (paneli ya kuisimamia), kwa kuwa blogu zetu nyingi zinaishi huko. Mwenye seva yake mwenyewe, au anayejaribia kwenye kompyuta yake kwa XAMPP (kifurushi cha seva ya majaribio), nimemwekea machache karibu na mwisho.

Duka na ghala

Chukulia folda ya blogu kama duka, na hifadhidata kama ghala lililo mtaa wa pili. Dukani kuna rafu, rangi za ukutani na mwuzaji: hizo ni faili za PHP (lugha iliyoandikia WordPress), mandhari na plagini (programu za nyongeza). Picha nazo ziko dukani, ndani ya wp-content/uploads. Lakini makala, maoni ya wasomaji, majina ya watumiaji na mipangilio yote viko ghalani, kwenye MySQL au MariaDB, na ghala hilo halimo ndani ya public_html hata kidogo. Ukihamisha folda umehamisha duka. Ghala liko palepale, na mzigo wake wote.

Kinachoyaunganisha ni faili moja, wp-config.php. Humo mna jina la hifadhidata, jina la mtumiaji, nenosiri na mahali seva ya hifadhidata ilipo. Faili hiyo ikipotea njiani, ikibadilishana na nyingine, au ikibeba maelezo yasiyolingana na makazi mapya, mwuzaji anafika mlangoni kwa ghala na ufunguo usiofungua. Kwa hiyo swali la kwanza kujiuliza ni hili: WordPress inasoma wp-config.php ipi, na ndani yake kuna nini?

Kabla hujagusa kitu

Usisakinishe WordPress upya. Usifute folda ya zamani. Na ukikutana na ukurasa unaokuchagulisha lugha na kukukaribisha kuanza usakinishaji, usibonyeze chochote. Funga dirisha, tutaurudia.

Sasa chukua bekapu ya ghala. Ndani ya cPanel fungua phpMyAdmin (chombo cha kutazama hifadhidata), chagua hifadhidata upande wa kushoto, bonyeza Export, pokea faili ya .sql. Kama kuna hifadhidata kadhaa na hukumbuki ipi ni ya blogu, fungua moja moja. WordPress ya kawaida ina majedwali 12, likiwemo linaloishia na _posts na jingine linaloishia na _options. Fungua lile la _posts. Ukiona vichwa vya makala zako, hapo unaweza kwenda kuchemsha chai. Kilichobaki ni kazi ya fundi, si msiba.

Ukiwa humo, andika mahali mambo mawili: jina kamili la hifadhidata, na herufi zinazotangulia majina ya majedwali. Mara nyingi ni wp_, ila hosti nyingi siku hizi huweka kitu kama wpx7_ kwa usalama. Utavihitaji vyote viwili.

Soma kosa kama lilivyoandikwa

Watu wengi husema "blogu imekufa" na kuishia hapo. Skrini tofauti zinasema mambo tofauti.

Ukiona ule mstari niliokutana nao mimi, WordPress imeipata wp-config.php, imeisoma, ikajaribu kubisha hodi kwenye hifadhidata na ikakataliwa au haikumkuta mtu. Tatizo liko kwenye jina la mtumiaji, nenosiri au anwani ya seva. Kama ujumbe unasema imeshindwa kuichagua hifadhidata, basi mlangoni imepita, ila jina la hifadhidata si sahihi au mtumiaji huyo hana ruhusa nayo.

Ukipelekwa kwenye anwani yenye setup-config.php, WordPress haijaona wp-config.php kabisa. Hii iwahi haraka, kwa sababu ukurasa ule uko wazi kwa kila mpita njia, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kuujaza kwa hifadhidata yake mwenyewe na kuiteka tovuti yako.

Ukipelekwa install.php, mambo ni ya ajabu kidogo: imeunganika vizuri, lakini haioni majedwali yake. Karibu kila mara ni kile kiambishi awali cha majedwali ndicho hakilingani, au umeelekezwa kwenye hifadhidata tupu. Ukibonyeza kuendelea, itakujengea blogu mpya tupu kando ya ile ya zamani, ndani ya ghala lilelile. Hutapoteza makala, ila utachanganyikiwa vya kutosha.

Na ukurasa mweupe mtupu, au kosa la 500 (seva imekwama), mara nyingi hauhusiani na hifadhidata. Ruka hadi sehemu ya njia za zamani zilizojificha.

Tafuta wp-config.php iliyo ya kweli

Hapa ndipo nilipopotezea saa mbili, kwa hiyo nitapakalia kidogo.

WordPress hutafuta wp-config.php ndani ya folda yake kwanza. Isipoiona, hupanda ngazi moja tu juu na kuangalia huko, na huko juu huikubali faili hiyo iwapo tu hakuna wp-settings.php pembeni yake, yaani iwapo hakuna WordPress nyingine inayoishi hapo. Ngazi ya pili haipandi. Kuna waliofundishwa kuficha wp-config.php nje ya folda ya blogu kwa usalama. Ni mbinu halali, lakini siku ukihamisha folda, faili hiyo haikufuati. Ukiwa umetoka public_html/blogu kwenda public_html/makala/blogu, wp-config.php iliyobaki public_html sasa iko ngazi mbili juu, na kwa WordPress ni kama haipo. Dawa yake ni kuinakili na kuiweka ndani ya folda mpya.

La shangazi lilikuwa kinyume chake. Miaka ya nyuma, kabla ya blogu ya sasa, mtu fulani alikuwa amesakinisha WordPress nyingine palepale public_html, akaifanyia majaribio, akaitelekeza. Hifadhidata yake ilishafutwa zamani, faili zikabaki. Mimi nilipokuwa nahamisha, programu ya FTP (ya kuhamishia faili) iliniuliza faili zenye majina yanayofanana niziandike juu au niziruke. Nikachagua kuruka, nikidhani ndiyo njia salama. Basi wp-config.php ya marehemu ikabaki mahali pake, na ya shangazi ikabaki kwenye folda ya zamani. Blogu nzima ilikuwa inabisha hodi kwenye nyumba iliyobomolewa.

Njia ya kuligundua ni rahisi na sijui kwa nini sikuianza mapema: angalia tarehe ya faili. Kwenye File Manager ya cPanel kila faili ina tarehe ilipobadilishwa mwisho. Ukiiona wp-config.php ina tarehe ya miaka mingi kuliko umri wa blogu, hiyo si yako. Fungua zote mbili, ya zamani na ya sasa, uzisome sambamba. Iliyo na jina la hifadhidata uliloliona phpMyAdmin ndiyo yenyewe. Ile nyingine ibadilishe jina, mfano wp-config-ya-zamani.php, usiifute leo. Acha mwisho wa jina ubaki .php, ukiiita .txt au .bak, seva inaweza kuimwaga hadharani na nenosiri likasomwa na yeyote.

Mistari minne, na wa tano unaosahaulika

Ndani ya faili tafuta sehemu hii:

```
define( 'DB_NAME', 'mtumiaji_blogu' );
define( 'DB_USER', 'mtumiaji_mwandishi' );
define( 'DB_PASSWORD', 'nenosiri' );
define( 'DB_HOST', 'localhost' );
$table_prefix = 'wp_';
```

Kwenye cPanel, majina ya hifadhidata na ya watumiaji wake kwa kawaida hutanguliwa na jina la akaunti na mstari wa chini (_). Ukihamia akaunti nyingine au hosti nyingine, hicho kipande cha mbele kinabadilika, na watu wengi hukisahau. Nenda sehemu ya MySQL Databases uone majina yalivyo kamili. Hapohapo utaona ni mtumiaji yupi ameunganishwa na hifadhidata ipi. Kama mtumiaji yupo na hifadhidata ipo lakini havijaunganishwa, tumia Add User To Database na umpe ruhusa zote, ALL PRIVILEGES.

Nenosiri hulioni popote. cPanel haitakuonyesha la zamani. Ukiwa na shaka, weka jipya kwa mtumiaji huyo kisha uliandike kwenye wp-config.php. Weka refu, la herufi na tarakimu tupu. Nasema hivyo kwa sababu ya mtego mmoja wa PHP: alama ya dola ndani ya alama za kunukuu mbili husomwa kama mwanzo wa jina la kigezo, na nenosiri lako linakatwa katikati bila wewe kujua. Tumia alama za kunukuu moja moja, kama nilivyoandika hapo juu.

Anayefanya kazi hii kwa simu ajihadhari na kibodi. Baadhi ya kibodi hugeuza alama ya kunukuu iliyonyooka kuwa ile iliyojipinda, na PHP haiitambui. Blogu inatupa kosa papo hapo. Jambo jingine ni nenosiri kutumwa kwa WhatsApp. Nyota mbili zikikumbatia neno, WhatsApp huligeuza kuwa herufi nene na nyota hazionekani. Mistari ya chini nayo huulaza mwandiko. Mtu anakisoma kwa macho, anakinakili kwa mkono, anashangaa kwa nini mlango haufunguki.

DB_HOST kwa hosti nyingi ni localhost, lakini si zote. Nyingine zina seva maalumu ya hifadhidata yenye jina lake, na utalikuta kwenye barua pepe uliyotumiwa ulipofungua akaunti, au kwenye paneli. Tena localhost na 127.0.0.1 si kitu kimoja machoni pa PHP: la kwanza hupitia faili maalumu iitwayo soketi ndani ya seva hiyohiyo, la pili hupitia mtandao kwa bandari 3306. Moja likigoma, kujaribu jingine ni kazi ya sekunde kumi. Na ukiona DB_HOST imebeba njia ya faili, mfano localhost:/tmp/mysql.sock, basi folda ya soketi ikihamishwa na wewe umehamishwa.

Mstari wa tano ni kiambishi. Kiwe vilevile kama ulivyokiona phpMyAdmin, pamoja na mstari wa chini mwishoni, na herufi kubwa na ndogo zifanane.

Jaribu muunganisho peke yake

Umebadilisha, umehifadhi, bado ujumbe ni uleule. Acha kubahatisha. Tengeneza faili ndogo yenye jina ambalo hakuna atakayelikisia, mfano jaribu-8153.php, uiweke kwenye folda ya blogu:

```
<?php
mysqli_report(MYSQLI_REPORT_OFF);
$m = @mysqli_connect('localhost', 'mtumiaji_mwandishi', 'nenosiri', 'mtumiaji_blogu');
echo $m ? 'Imeunganika' : mysqli_connect_errno() . ' ' . mysqli_connect_error();
```

Ifungue kwenye kivinjari. WordPress huwaficha wageni chanzo cha kosa, na inafanya vizuri, lakini MySQL yenyewe husema wazi kwa namba.

Namba 1045 maana yake jina la mtumiaji na nenosiri havikubaliani. Weka nenosiri jipya. Namba 1044 inasema mtumiaji ametambuliwa ila haruhusiwi kwenye hifadhidata hiyo. Kwenye hosti za pamoja namba hii hujitokeza hata kama hifadhidata haipo kabisa, kwa sababu seva haimwambii mgeni kilichopo na kisichopo. Basi ukiipata, kagua kwanza tahajia ya jina la hifadhidata kabla ya kuhangaika na ruhusa. Namba 1049 inatamka moja kwa moja kwamba hakuna hifadhidata ya jina hilo. Namba 2002 ina maana hakuna aliyejibu hodi: DB_HOST si sahihi, au seva ya hifadhidata imezimika, na hapo kama ni hosti ya pamoja unaandika tiketi kwa watoa huduma.

Ikijibu "Imeunganika" huku blogu bado inalalamika, basi kuna kinachoingilia kati. Angalia ndani ya wp-content kama kuna faili ya db.php. Hiyo huwekwa na baadhi ya plagini ili kuchukua nafasi ya muunganisho wa kawaida, na inaweza kuwa imebeba njia ya folda ya zamani. Ibadilishe jina kwa muda, ujaribu tena. Fanya vivyo hivyo kwa object-cache.php.

Jambo moja kwa blogu za zamani sana zilizohamia seva mpya: PHP 7.0, iliyotoka mwaka 2015, iliondoa kabisa zana za kale za kuongea na MySQL. WordPress ilianza kutumia zana mpya kwenye toleo 3.9 la mwaka 2014. Kama blogu yako ni ya kabla ya hapo na hujawahi kuisasisha, haitaunganika hata kwa nenosiri sahihi, na suluhisho ni kusasisha faili za WordPress.

Ukimaliza, futa faili ya jaribio. Leo hii, sasa hivi. Ina nenosiri ndani.

Imefunguka, ila inakurudisha kulekule

Hatua hii huwakatisha watu tamaa, kwa sababu walidhani wamemaliza. Muunganisho umerudi, lakini kila ukifungua blogu inakupeleka kwenye anwani ya zamani, ambako sasa hakuna kitu. Sababu ni kwamba anwani ya blogu imeandikwa ghalani, kwenye jedwali la _options, mistari miwili: siteurl na home. Ulihamisha duka, hukumpa mtu yeyote anwani mpya.

Kama huwezi kuingia kwenye dashibodi, ongeza haya ndani ya wp-config.php, juu ya mstari unaokwambia uache kuhariri:

```
define( 'WP_HOME', 'https://example.com' );
define( 'WP_SITEURL', 'https://example.com' );
```

Usiweke mkwaju mwishoni. Ingia, hakikisha kila kitu kiko sawa, kisha nenda phpMyAdmin urekebishe mistari ile miwili kwenye jedwali lenyewe, na hapo ndipo uiondoe mistari hii ya muda. Ukiiacha, visanduku vya anwani kwenye dashibodi vitabaki vimefungwa, na mwakani utasahau kwa nini.

Kuna njia nyingine ambayo ningemfanyia shangazi kama ningefikiri kabla ya kukimbilia kuhamisha. Faili zingebaki kwenye folda ya blogu, siteurl ingebaki na mkia, na home pekee ndiyo ingekatwa. Halafu unanakili index.php na .htaccess (faili ya kanuni za anwani) kwenda public_html, na ndani ya ile nakala ya index.php unabadilisha njia isomeke `__DIR__ . '/blogu/wp-blog-header.php'`. Wasomaji wanaona anwani fupi, wewe hujahamisha chochote. Anayesoma haya akiwa bado hajahamisha, afikirie hii kwanza.

Picha na viungo vya ndani

Makala hubeba anwani kamili za picha. Kwa hiyo hata baada ya kurekebisha home, kila picha bado inaitwa kutoka folda ya zamani. Kishawishi ni kufungua faili ya .sql kwenye kihariri, kutafuta anwani ya zamani na kubadilisha zote kwa mkupuo. Usifanye hivyo.

WordPress huhifadhi mipangilio mingi kwa namna inayotaja urefu wa kila neno. Kwa mfano `s:25:"https://example.com/blogu"` ina maana: linafuata neno la herufi 25. Ukikata mkia, anwani inabaki na herufi 19, lakini namba bado inasema 25. PHP ikisoma, inaona uongo, inatupa kipande chote. Asubuhi unakuta wijeti zimepotea na mandhari imerudi ilivyokuwa siku ya kwanza.

Tumia chombo kinachohesabu upya. Kama hosti yako ina Terminal (dirisha la kuandika amri) na WP-CLI (zana ya kuiamuru WordPress humo), nenda ndani ya folda ya blogu na uandike:

```
wp search-replace 'https://example.com/blogu' 'https://example.com' --skip-columns=guid --dry-run
```

Neno `--dry-run` hufanya mazoezi tu: linakuonyesha ni mabadiliko mangapi yangefanyika bila kugusa kitu. Ukiridhika, liondoe urudie amri. Safu ya guid tunairuka kwa sababu programu za kusoma milisho huitumia kuitambua makala. Ukiibadilisha, waliojiandikisha wanaweza kuletewa makala zote za zamani kana kwamba umeziandika jana. Usiye na Terminal, zipo plagini za kazi hiihii. Hakikisha maelezo yake yanasema inamudu data za namna hiyo.

Kwa anayekwenda upande wa pili, kutoka mzizi kuingia kwenye folda, amri iendeshwe mara moja tu. Mara ya pili itaigeuza https://example.com/blogu kuwa https://example.com/blogu/blogu. Usiniulize nimejuaje.

Viungo vya makala na wageni wa zamani

Ukurasa wa mwanzo unafunguka, makala zote zinasema 404, yaani hazipatikani. Hiyo ni .htaccess. Faili zinazoanza na nukta hufichwa, hivyo mara nyingi hubaki nyuma wakati wa kuhama. Kwenye File Manager fungua Settings uruhusu faili zilizofichwa zionekane. Kisha ndani ya dashibodi ya WordPress nenda Settings, halafu Permalinks, bonyeza kuhifadhi bila kubadilisha chochote. WordPress itaandika kanuni upya kulingana na makazi mapya.

Viungo vya zamani vilivyosambaa Facebook na kwenye Google navyo vinahitaji kuelekezwa. Weka hivi juu kabisa ya .htaccess ya public_html, juu ya mstari wa `# BEGIN WordPress`, kwa sababu kilicho ndani ya alama zile WordPress hukiandika upya inapotaka:

```
RewriteEngine On
RewriteRule ^blogu/(.*)$ /$1 [R=302,L]
```

Folda ya zamani iwe imebadilishwa jina, la sivyo .htaccess iliyomo ndani yake itashika usukani. Anza na 302 (kuelekeza kwa muda), jaribu viungo vitano sita, ndipo uweke 301 (kwa kudumu). Vivinjari huikariri 301, na ukikosea utakuwa unalitazama kosa la jana hata baada ya kulirekebisha.

Njia za zamani zilizojificha

Ukurasa mweupe au kosa la 500 baada ya kuhama, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni faili ya .user.ini. Baadhi ya plagini za ulinzi huandika humo auto_prepend_file ikifuatiwa na njia kamili ya folda, na PHP hulazimika kuisoma faili hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Folda imehama, njia imekufa, PHP inagoma kabla WordPress haijaamka. Rekebisha njia au futa mstari huo, kisha subiri: kwa kawaida PHP hukumbuka .user.ini kwa sekunde 300. Nimewahi kuirekebisha sawasawa, nikaona kosa lilelile, nikaanza kuharibu vingine.

Ndani ya wp-config.php yenyewe tafuta neno /home/. Plagini za kuongeza kasi hupenda kuacha hapo njia kamili. Kwenye jedwali la _options angalia upload_path. Kwa blogu za zamani huenda ina anwani ya folda ya awali, na picha mpya zitakataa kupanda.

Mwenye seva yake, na mwenye XAMPP

Hapa huenda si folda ya blogu iliyohamishwa bali ghala lenyewe. Kwenye Linux, data za MySQL kwa kawaida hukaa /var/lib/mysql. Ukizipeleka diski nyingine na kubadilisha datadir (mpangilio unaotaja folda hiyo), hakikisha mwenye folda ni mtumiaji mysql, na kwa Ubuntu iambie AppArmor (mlinzi anayeamua programu iguse folda zipi) iiruhusu njia mpya. Bila hivyo MySQL haiwaki, na blogu itakupa 2002.

Kwa XAMPP, faili ya my.ini imeandika njia kamili, mfano C:/xampp/mysql/data. Ukilibeba folda zima kwenda diski D, endesha setup_xampp.bat iliyo ndani yake ili njia zisahihishwe. Na usinakili folda moja ya hifadhidata peke yake ukaacha ibdata1: majedwali yataorodheshwa kwa majina, lakini ukiyafungua utaambiwa hayapo.

Kabla ya kufunga kompyuta

Faili ziwe na ruhusa 644, folda 755, na wp-config.php 600 au 640 kama hosti inakubali. Kama uliweka kazi ya cron (inayojiendesha kwa ratiba) inayoita wp-cron.php kwa njia kamili, ibadilishe, au makala ulizopanga zitoke Ijumaa hazitatoka. Folda ya zamani, ikiwa na jina lake jipya, itoe nje ya public_html na uiache mwezi mmoja.

Kwa shangazi, kilichohitajika mwishowe ni kubadilishana wp-config.php mbili na kuendesha amri moja ya kutafuta na kubadilisha. Nilimpigia saa nne usiku.

"Fungua sasa, shangazi."

Kimya, nikamsikia anagusa simu. "Nimeona. Lakini mkate wa kumimina hauna picha."

Nikarudi kuangalia. Picha hiyo aliipakia siku ileile, kwenye folda ya zamani, wakati mimi tayari nimeshaanza kunakili. Ukihamisha blogu ya mtu, mwambie asiandike hadi umalize.